Swali Moja, Mashine Mbili

Tuchukue mfano wa ofisi yenye kompyuta mbili za namna moja, kila moja ikihifadhi nakala ya orodha ile ile ya watahiniwa 1,000,000. Zote zinaulizwa swali moja: mwenye namba fulani ni nani? Ya kwanza hujibu papo hapo; ya pili hukawia. Aghalabu mkuu wa ofisi huamua kununua mashine mpya. Je, uamuzi huo ni wa haki?

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM, alipendekeza kwamba data zipangwe katika majedwali, na mwulizaji ataje anachokitaka tu, bila ya kueleza njia ya kukitafuta. Kuchagua njia ni kazi ya programu. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake walieleza jinsi programu inavyoweza kukadiria gharama ya kila njia, kisha ikachagua iliyo nafuu.

Njia mojawapo ni kusoma jedwali lote, mstari baada ya mstari. Nyingine ni kutumia faharasa iliyopangwa kwa utaratibu. Humo kila ulinganisho waweza kuondoa nusu ya mistari iliyosalia. Na kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 20 ni 1,048,576, milinganisho 20 hivi yatosha.

Programu hukadiria kwa takwimu ilizojiwekea. Ikiwa takwimu hizo zilikusanywa jedwali lilipokuwa na mistari 100 tu, yaweza kudhani kwamba kulisoma lote ni kazi ndogo. Huenda pia faharasa haikuundwa katika mashine ya pili, au data ingali katika diski, ilhali ya kwanza imekwisha kuiweka katika kumbukumbu yake.

Basi mchunguzi aulize swali mara kadhaa, kisha aitake kila mashine ionyeshe njia iliyoichagua. Katika PostgreSQL agizo la kufanya hivyo ni EXPLAIN. Njia zikitofautiana, akague faharasa na kukusanya takwimu upya kwa agizo ANALYZE. Zikifanana, ndipo apime diski na kumbukumbu. Abadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kama mwanafunzi afanyavyo katika maabara. Akibadili mawili, hatajua lipi lililoponya. Fedha za mashine mpya zingoje mpaka vipimo vimesema.