Ghasia za Kikoloni Katika Katuni za London na Picha za Lubumbashi

Tarehe 10 Desemba 1892 jarida la London liitwalo Punch lilichapa katuni ya Linley Sambourne inayomwonyesha Cecil Rhodes amesimama juu ya ramani ya Afrika, mguu mmoja Misri na mwingine Rasi ya Tumaini Jema, ameshika waya wa simu. Chini yake hapana mtu hata mmoja. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Msiri alikuwa amepigwa risasi huko Bunkeya, na Katanga, ambayo Rhodes naye aliitamani, ikaangukia mikononi mwa Leopold II.

Waliotawaliwa walipochorwa, mara nyingi waligeuzwa wanyama. Wakati wa uasi wa India, mwaka 1857, John Tenniel alichora simba wa Uingereza akimrukia chui milia wa Bengal aliyewalalia mwanamke na mtoto. Fumbo hilo lilimwondolea msomaji haja ya kuuliza askari waliasi kwa nini. Mnyama hana malalamiko. Hata mwaka 1906, Malkia Victoria akiwa amekwisha kufa, Sambourne alipomchora Leopold kama nyoka wa mpira anayemnyonga Mkongo, huruma ilikuwapo, lakini Mkongo yule hakuwa na jina.

Mjini Lubumbashi, katika miaka ya 1970, mambo yalichorwa kutoka upande wa pili. Wachoraji waliwauzia wenyeji picha za kutundika sebuleni, na mojawapo iliyopendwa sana, "Colonie belge", ilionyesha askari mweusi akimchapa mfungwa fimbo huku Mbelgiji akitazama. Picha za namna hiyo ziliitwa ukumbusho, yaani kitu kinachomfanya mtu akumbuke na kufikiri. Maana hiyo ni pana kuliko ile ya zawadi ya msafiri. Tshibumba Kanda Matulu alichora pia mauaji ya Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai mishahara walipopigwa risasi, na Léonard Mpoyi, kiongozi wao, akauawa. Tshibumba alizaliwa mwaka 1947, hakuyaona, aliyasikia.

Maelezo yake kwa Johannes Fabian aliyatoa kwa Kiswahili cha Katanga, kile ambacho watetezi wa usanifu hukiita kibovu. Juu ya turubai aliandika Kifaransa kifupi. Kisa chenyewe kilingoja mgeni aulize.