Unataka kujitengenezea amplifaya? Soma haya kabla hujafungua redio ya zamani

Je, una spika nzima kutoka kwenye gari bovu, simu yenye nyimbo na betri ya sola ya volti 12? Basi tayari una zaidi ya nusu ya vitu unavyohitaji ili kutengeneza amplifaya yako mwenyewe. Kambini na katika makazi kuna vijana wengi wanaopenda kazi hii, na wenyeji wanaotuzunguka pia. Wengine huianza kama mchezo wa jioni na mwisho wanakuwa mafundi wa mtaa.

Lakini wanaoanza huuliza maswali yaleyale. Amplifaya ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani ya redio za wazee, kweli ina sauti nzuri kuliko nyingine? Naweza kuitengeneza? Na kile kifaa kinachogeuza muziki wa dijitali kuwa sauti, nacho naweza kukiunda? Jibu la maswali yote ni ndiyo. Ila moja ya njia hizo inaweza kukuua, na nyingine inaweza kumaliza umeme ambao watoto wako wanautumia kusomea usiku. Ndiyo maana tunaeleza hapa jinsi kila kitu kinavyofanya kazi.

Kujitengenezea vifaa vya sauti si jambo geni kwa watu wa ukanda wetu. Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake Konono N°1 walipiga likembe zilizounganishwa na amplifaya, na maikrofoni zake walizitengeneza kwa sumaku za magari mabovu. Mlio ule wa kukwaruza, ambao fundi wa studio angesema ni kasoro, ndio uliowajulisha duniani baada ya albamu yao ya Congotronics ya mwaka 2004.

Kutoka kwenye namba hadi kwenye sauti

Wimbo ulio ndani ya simu yako umeandikwa kwa namba. Kwa kipimo kilichoanza na CD mwaka 1982, kila sekunde moja ya muziki ina namba 44,100 kwa spika ya kushoto na nyingine 44,100 kwa ya kulia. Kila namba ni ngazi moja kati ya ngazi 65,536. Spika haijui kusoma namba. Inaelewa umeme unaopanda na kushuka tu. Kwa hiyo lazima pawe na kigeuzi kinachochukua kila namba na kutoa volti inayolingana nayo.

Habari njema ni kwamba simu yenye tundu la earphone tayari ina kigeuzi ndani, na mara nyingi ni kizuri cha kutosha. Usinunue kingine ukidhani spika ya gari itaimba tofauti. Kama simu yako haina tundu hilo, kuna bodi ndogo za Bluetooth ambazo zina kigeuzi chake tayari.

Hata hivyo, ukitaka kuelewa kazi hii kwa mikono yako, unda kigeuzi cha ngazi 256. Kinahitaji rezista tu. Unazipanga kama ngazi ya kupandia: rezista 7 za thamani moja, na 9 za thamani mara mbili yake. Kama una aina moja tu, tuseme za omu elfu 10, unganisha mbilimbili kwa kufuatana ili upate elfu 20. Hapo zitakutosha rezista 25. Nyaya nane zinatoka kwenye kompyuta ndogo kama Arduino. Kila waya ukiwashwa unaongeza sehemu yake ya volti: wa kwanza nusu, wa pili robo, wa tatu moja ya nane, hivyo hivyo hadi wa mwisho.

Hapa ndipo utaona kwa nini vigeuzi vizuri hutengenezwa kiwandani. Waya wa kwanza unabeba nusu ya sauti yote. Rezista yake ikikosea kwa asilimia 5, kosa hilo ni kubwa kuliko mchango mzima wa waya wa mwisho, na sauti inatoka na mchanga. Kaa na multimita, pima rezista moja moja, na zinazofanana zaidi uziweke upande wa waya wa kwanza. Ni kazi ya uvumilivu, lakini haina gharama na haina hatari, kwa sababu umeme wake ni volti 5 tu. Kwa ngazi 65,536 hutaweza kwa mikono. Nunua aisii iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ile inayoitwa PCM2704, kwa mfano, inapokea muziki kwa waya wa USB na kutumia umeme wa waya huohuo, ila miguu yake 28 iko karibukaribu sana. Kama mkono bado haujazoea, chukua iliyokwisha kulehemiwa kwenye bodi.

Valvu: nzuri, lakini ngoja

Sasa tuje kwenye zile taa za kioo. Mwaka 1904 John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza, na miaka michache baadaye Lee de Forest akaongeza ndani yake wavu mdogo unaoitwa gridi. Ndani ya kioo hakuna hewa. Uzi unapashwa moto hadi kathodi inaanza kutoa elektroni, nazo zinavutwa na anodi yenye volti nyingi chanya. Gridi iko katikati. Sauti dogo kutoka kwenye simu ikifika kwenye gridi, inaruhusu na kuzuia mto ule mkubwa wa elektroni, kama mkono mdogo unaofungua na kufunga bomba kubwa. Transista ilipopatikana mwaka 1947 valvu zilianza kuondoka taratibu, lakini hadi leo zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China kwa sababu wapiga gitaa na wapenzi wa muziki bado wanazitaka. Ukizidisha sauti, valvu haikati mlio ghafla. Inaulainisha, na sikio linaona ni joto na si kelele.

Basi tatizo ni nini? Chukua valvu inayopendwa sana na wanaoanza, EL84. Anodi yake inataka volti 250 na inakunywa karibu wati 12. Uzi wake wa joto unakula karibu wati 5 nyingine. Jumla ni wati 17, na sauti inayotoka haifiki wati 6. Tena inakula kiasi hichohicho hata wimbo ukiwa wa polepole, hata ukiwa umenyamaza kabisa. Kwa spika mbili, pamoja na valvu ndogo ya mbele, ni karibu wati 36. Betri ya volti 12 na ampea-saa 18, ambayo usiishushe chini ya nusu kama unataka idumu, haitakufikisha saa tatu. Ukihesabu na umeme unaopotea kwenye inveta, ni pungufu zaidi. Baada ya hapo nyumba iko gizani.

Betri ni jambo moja. Volti 250 ni jambo lingine.

Kapasita haijui kwamba umechomoa waya

Vijana wengi hutafuta vipuri kwenye redio za valvu, televisheni za mgongo na maspika mabovu. Sina neno na hilo. Hata mimi nilianza hivyo. Siku moja nilifungua televisheni iliyokuwa imechomolewa kwenye umeme kitambo. Niligusa nyuma ya bodi kwa vidole viwili, na mkono ukarushwa hadi ukagonga ukuta. Bisibisi sikuipata mpaka kesho yake. Kilichoniokoa ni kwamba mkono mwingine ulikuwa mfukoni, kwa hiyo umeme haukupita kifuani.

Umeme wa ukutani wa volti 230 ukipita kwenye diodi na kujaa kwenye kapasita kubwa, unakuwa karibu volti 325 za mkondo mnyoofu. Kapasita inauhifadhi kama debe linavyohifadhi maji. Kuchomoa waya hakumwagi debe. Kioo cha televisheni ya mgongo ni kibaya zaidi, kwa sababu ndani yake mna maelfu ya volti, na hicho tunakuomba usikiguse kabisa kama hujafundishwa na fundi aliyesimama pembeni yako.

Kwa kapasita ya kawaida, chukua rezista ya omu elfu 10 na wati 5, iunganishe na nyaya mbili zilizofunikwa vizuri, kisha gusisha ncha zake kwenye miguu miwili ya kapasita. Kwa kapasita ya maikrofaradi 100, sekunde 5 zinatosha kuishusha chini ya volti 5. Wewe hesabu hadi 20. Kisha pima kwa multimita. Usitumie bisibisi kuziunganisha moja kwa moja kama wanavyofanya wengi: cheche inaruka, chuma kinayeyuka, na jicho liko hapohapo. Na usifanye kazi hii watoto wakiwa karibu, wala ukiwa peke yako usiku.

Anza na hii ya volti 12

Aisii ya TDA2003 ilitengenezwa kwa ajili ya redio za gari. Ina miguu mitano tu, bei yake ni ndogo, na unaweza kuipata hata ndani ya redio mbovu ya gari. Inafanya kazi kati ya volti 8 na 18. Ikiwa imewashwa bila kutoa sauti inakula kama nusu wati. Ikipiga kwa nguvu zake zote kwenye spika ya omu 4 kwa betri ya volti 12, haifiki wati 10. Linganisha na valvu.

Fuata mchoro wa kiwanda unaopatikana bure kwenye intaneti kwa jina la aisii. Ukiutazama utaona rezista mbili, omu 220 na omu 2.2. Hizo ndizo zinazoamua sauti ikuzwe mara 100 hivi. Utaona pia kapasita ya maikrofaradi 1000 kati ya mguu wa 4 na spika, upande wake chanya ukielekea kwenye aisii. Usiweke ndogo kwa sababu ndiyo uliyonayo. Kwa spika ya omu 4, kapasita ya 470 inaanza kukata besi kuanzia mitetemo 85 kwa sekunde, wakati ya 1000 inakufikisha hadi 40. Mtu akikuambia amplifaya yako haina besi, angalia hapo kwanza. Aisii yenyewe ifunge kwa skrubu kwenye kipande cha alumini kinachofikia ukubwa wa kiganja, kwa sababu inapata moto.

Simu ina waya wa kushoto na wa kulia, na amplifaya hii ina mlango mmoja. Usiunganishe nyaya hizo mbili moja kwa moja. Pitisha kila mmoja kwenye rezista ya omu elfu 1, kisha ziunganishe.

Weka fyuzi ya ampea 2 karibu na betri, si karibu na amplifaya. Betri haina huruma. Nyaya zikigusana bila fyuzi, zinawaka zenyewe, na nyumba zetu nyingi zina turubai.

Usiunganishe amplifaya kwenye paneli ya sola moja kwa moja. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 20 na zaidi jua likiwa kali na haina mzigo. Nilifanya kosa hilo na amplifaya niliyoitengenezea kwaya yetu. Kapasita za volti 16 zilivimba, moja ikapasuka, na kwaya ikaimba Jumapili hiyo bila chombo. Umeme utoke kwenye betri, na betri ichajiwe kupitia kontrola.

Siku ya kuiwasha kwa mara ya kwanza, weka taa ndogo ya gari ya volti 12 kwenye njia ya waya chanya. Taa ikiwaka sana, umekosea mahali. Chomoa, angalia tena, hujaunguza kitu. Ikibaki imezimika, pima mguu wa 4 kabla ya kufunga spika. Unapaswa kuona karibu nusu ya volti za betri, yaani 6 hivi. Ukiona 12 au sifuri, usifunge spika.

Kuhusu kulehemu, risasi ni sumu. Fanya kazi mahali penye hewa, osha mikono kabla ya kula, na usitumie meza ya chakula.

Amplifaya ikishaimba, huenda ukasikia mluzi mwembamba unaopanda na kushuka wakati simu inachaji kwenye betri ileile. Hiyo ni chaja ya simu inapiga kelele kupitia waya hasi mnaotumia pamoja. Chomoa chaja wimbo unapopigwa, au chaji simu kwanza. Na kabla ya kuongeza sauti hadi mwisho, ongea na kiongozi wa bloku yako kuhusu saa za muziki, maana ukuta wa turubai hauzuii besi.