Kwa Nini Damu Haishiki Kutu

Msumari ukiachwa nje wakati wa masika, haupiti muda kabla haujashika kutu. Hiyo ni kazi ya chuma, oksijeni na maji. Vyote vitatu vimo mishipani mwako usiku na mchana, na bado chuma cha damu hupokea oksijeni mapafuni, huiachia kwenye misuli, kisha hurudi kupokea nyingine kikiwa kizima. Kinawezaje?

Chuma hicho kimeketi katikati ya hemu, molekuli bapa mfano wa sinia. Kila himoglobini ina hemu 4, zilizofichwa ndani ya mikunjo ya protini. Chini ya sinia chuma kimeshikwa na histidini, mojawapo ya matofali yanayojenga protini. Juu pana nafasi ya mgeni mmoja tu. Mgeni huyo aliwagombanisha wanakemia.

Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell, huko Marekani, waliipima damu kwa sumaku. Damu isiyo na oksijeni ilivutwa. Iliyoshiba oksijeni haikuvutwa. Kwa Pauling, chuma na oksijeni viliungana huku kila kimoja kikibaki na elektroni zake. Mwaka 1964 Joseph Weiss akapinga: chuma huiazima oksijeni elektroni moja. Tabu ni kwamba sumaku ilikubaliana na wote wawili.

Ikabidi kuisikiliza oksijeni yenyewe. Atomu zilizoungana hazitulii. Hutetema kama uzi wa udi. Uzi uliokazwa hulia juu, uliolegea hulia chini. Sikio haliwezi kusikia mlio huu, ila mwanga wa infraredi huufichua, kwa sababu molekuli humeza wimbi linalolingana na mtetemo wake. Wataalamu huutaja mlio huo kwa idadi ya mawimbi yanayoenea ndani ya sentimita moja. Oksijeni ya hewani hutetema kwenye 1556. Ipe elektroni moja ya ziada, muungano wake unalegea hadi kati ya 1100 na 1150 hivi. Ipe mbili, unashuka hadi jirani ya 800.

Lakini oksijeni huru ni bubu mbele ya infraredi, kwa kuwa ncha zake mbili zinafanana kabisa. (Hiyo 1556 husomwa kwa njia nyingine, ya mwanga unaotawanyika, aliyoigundua C. V. Raman mjini Calcutta mwaka 1928.) Ikishikwa na chuma, ikakaa kimshazari, ncha moja huwa tofauti na mwenzake, na hapo ndipo inapopata sauti. Nakipenda sana kichekesho hiki: mateka anasema, aliye huru kanyamaza.

Mwaka 1973 kikundi cha Winslow Caughey kiliisikia sauti hiyo ndani ya himoglobini: 1107. Kuhakikisha kwamba si kelele za protini, walitumia pia oksijeni nzito, yenye atomu za uzani wa 18 badala ya 16. Mstari ukashuka hadi 1065, kama uzi mnene unavyolia chini kuliko mwembamba. Mwaka uliofuata H. Brunner, kwa njia ya Raman, akaukuta mtetemo kati ya chuma na oksijeni kwenye 567. Hata kaboni monoksidi ya jiko la mkaa, inayoing'ang'ania nafasi ileile kwa nguvu zaidi ya mara 200, hujitaja yenyewe: 2143 ikiwa huru, 1951 ikiwa imeshikwa na damu.

Namba 1107 inaelemea upande wa Weiss, ingawa wanaokokotoa kwa kompyuta bado wanabishana elektroni inahama kwa kiasi gani. Basi kutu inazuiwaje? Hemu iliyo uchi majini hukutana na mwenzake, zikaunganishwa na oksijeni moja, na chuma kikaharibika upesi. Ndani ya protini, kila hemu iko chumbani peke yake. Histidini ya pili, upande wa juu, huishika oksijeni kwa haidrojeni mpaka wakati wa kuondoka ufike, na elektroni hurudi kwa mwenyewe.

Si kila mara. Oksijeni nyingine huondoka na elektroni isiyo yake, na chuma kilichodhulumiwa hakiwezi tena kupokea mgeni. Mwilini vimeng'enya hukirejeshea elektroni yake, hivyo himoglobini ya namna hiyo hubaki karibu asilimia 1 tu. Damu ikishamwagika, hakuna wa kulipa. Ndiyo maana doa lililokuwa jekundu kwenye shuka jana, leo ni la kahawia.