Kifuniko kinachohesabu dawa

Katika mtaa wa Obunga, Kisumu, familia nzima huweza kulala chumba kimoja. Anayefungua chupa ya vidonge usiku husikika na kila mtu, maana vidonge hulia kama kayamba. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huvihamishia kwenye karatasi kabla hawajafika nyumbani.

Sasa, msomaji, chukulia kwamba chupa hiyo ina kifuniko chenye chombo cha elektroniki kinachonakili siku na saa kila kinapofunguliwa. Aliyehamisha vidonge vyote siku moja ataonekana mtoro wa dawa, hali hakukosa hata kimoja!

Vifuniko vya aina hiyo vilitumiwa katika kituo cha afya cha Chulaimbo, karibu na Kisumu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Wagonjwa 431 waliokuwa wameanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI walifuatiliwa kwa wiki 48. Kati ya waliokumbushwa kwa ujumbe wa simu mara moja kwa wiki, asilimia 53 walimeza angalau asilimia 90 ya dawa zao. Wasiokumbushwa walikuwa asilimia 40. La kushangaza ni kwamba kukumbushwa kila siku hakukusaidia, wala maneno marefu ya kutia moyo hayakuongeza kitu. Kwa maoni yangu, kengele ya kila siku huzoeleka kama kelele za matatu.

Nairobi na Kajiado, kuanzia mwaka 2007, wauguzi waliuliza tu kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida", na asiyejibu alipigiwa simu. Ugonjwa haukutajwa, hivyo hata shemeji akiushika ujumbe haambulii kitu.

Siku hizi kuna visanduku vya dawa vyenye laini ya simu, vinavyopeleka habari papo hapo. Vimewahi kujaribiwa Mbarara, Uganda. Kabla ya kuvileta Obunga, mtengenezaji angekaa kwanza na mama anayekaanga mgongo wazi jioni. Saa ya dawa huwa wapi? Simu ni yake peke yake? Huchajiwa wapi?

Ukipewa kifaa kama hicho, muulize muuguzi kama kinalia au kuwaka taa, na ni nani husoma habari zake. Na ikiwa unahamisha vidonge, mwambie mapema.