Kompyuta Ikifeli Jaribio la RAM: Usikimbilie Kununua Nyingine

Kila mwaka tarehe 30 Juni ikikaribia, wakazi wengi huelekea kwenye saiba kuwasilisha ritani za ushuru kupitia iTax. Kompyuta inayojizima au kuonyesha skrini ya buluu wakati huo humkosesha mwenye saiba riziki, na mteja aliyetoka Mukurwe-ini hupoteza nauli na siku yake. Fundi akiitwa, mara nyingi husema RAM imeharibika, inunuliwe nyingine. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine pesa zinatoka na tatizo linabaki palepale.

RAM ni kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi inayoendelea. Kuna programu mbili za kuipima ambazo mafundi hutumia sana, nazo majina yake yanachanganya: MemTest86 ya kampuni ya PassMark, na Memtest86+ ambayo ni ya bure kabisa na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Zote huwekwa kwenye flashi na kuanzishwa kabla ya Windows. Huandika tarakimu katika kila sehemu ya RAM, kisha huzisoma tena. Zikitofautiana, mstari mwekundu hutokea.

Utata huanza pale kompyuta inapofaulu ikipimwa kwa kiini kimoja cha prosesa, lakini ikatoa makosa viini vyote vinapotumika. Prosesa za siku hizi zina viini vinne, sita au zaidi, na kila kimoja kinaweza kufanya kazi yake. Kiini kimoja kikipima peke yake, RAM hupata mzigo mdogo. Vyote vikiandika na kusoma kwa wakati mmoja, kidhibiti cha kumbukumbu, ambacho siku hizi kimo ndani ya prosesa yenyewe, hufanya kazi kwa nguvu, umeme mwingi zaidi hutumika na joto hupanda. Udhaifu uliokuwa umejificha hujitokeza hapo. Ni kama lori linalopita vizuri darajani likiwa tupu. Ufa huonekana siku lilipobeba majani chai.

Kwa hiyo makosa ya viini vingi yasipuuzwe, lakini pia yasichukuliwe kuwa hukumu dhidi ya RAM. Kwanza, tazama toleo la programu. Memtest86+ 5.01 ya mwaka 2013 bado imo kwenye flashi za mafundi wengi, na hali yake ya viini vingi ilikuwa ya majaribio tu. Iliweza kukwama au kutoa makosa yasiyokuwapo. Toleo la 6 la mwaka 2022 liliandikwa upya. Pakua jipya kutoka tovuti rasmi, upime tena.

Pia kukwama si sawa na kosa. Skrini ikiganda bila kuonyesha kosa lolote, huenda programu ya msingi ya ubao mkuu, yaani BIOS, haijui kuviamsha viini vyote ipasavyo. Kuisasisha BIOS kunaweza kusaidia, lakini kazi hiyo isifanywe bila UPS: stima ikipotea katikati, ubao mkuu unaweza kufa.

Makosa yakiendelea, rudisha mipangilio ya BIOS ilivyotoka kiwandani, hasa ule wa kuharakisha RAM unaoandikwa XMP. Kompyuta nyingi zinazouzwa katika miji ya eneo la Mlima Kenya zilitumika kwanza katika ofisi za ng'ambo, na baadaye zikaongezewa RAM ya aina tofauti. Vipande viwili visivyolingana vinaweza kuelewana kwenye kazi nyepesi na kugombana mzigo ukizidi.

Baada ya hapo zima mashine, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha, kisha toa vipande vyote. Puliza vumbi, ambalo huku Kieni halikosekani, na usafishe meno ya RAM kwa spiriti ya kusafishia vifaa. Rudisha kipande kimoja tu na upime kwa viini vyote. Kosa likikifuata kipande hicho kila kinapohamishwa, kipande ndicho kibovu. Likibaki kwenye nafasi ileile hata kipande kikibadilishwa, tatizo liko kwenye ubao mkuu. Kila kipande kikifaulu peke yake lakini vikafeli pamoja, havilingani au kidhibiti kinalemewa. Na ikiwa MemTest86 inataja kiini kilekile kila mara, prosesa nayo ichunguzwe. Si kawaida, lakini hutokea.

Mzunguko mmoja unaweza kuchukua saa nzima au zaidi, kwa hivyo jaribio lifanywe usiku. Stima ikikatika, mafaili hayaathiriki kwa sababu jaribio haligusi diski. Litaanzwa upya tu.

Piga picha ya skrini yenye makosa, ionyeshe tarehe na aina ya jaribio. Chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, muuzaji huchukuliwa kuwa amedhamini kwamba bidhaa yake ina ubora unaofaa kuuzwa, na picha hiyo pamoja na risiti humrahisishia mnunuzi kudai abadilishiwe RAM aliyouziwa ikiwa mbovu.