Kompyuta Inayozeeka Umeme Ukiwapo Tu

Barua yangu ilirudishwa kwa sababu ya tarehe. Niliichapisha Uvira asubuhi ya 21 Agosti 2025, katika kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi kisicho mbali na mto Mulongwe, nikaipeleka ofisi moja pale mjini. Mtu aliyekuwa mezani aliisoma mara mbili, akafungua pasipoti yangu, akaweka kidole juu ya muhuri wa mpaka wa Kavimvira. Muhuri ulisema niliingia Kongo tarehe 19. Barua ilisema imeandikwa Uvira tarehe 12, wiki nzima kabla sijavuka mpaka. Hakunigombeza. Aliisukuma karatasi upande wangu na kusema, "Urudie hii."

Tarehe sikuiandika mimi. Iliwekwa na kompyuta yenyewe, kwa sababu ile barua ya mfano iliyomo katika LibreOffice hujaza siku bila kuulizwa. Nikarudi kibandani na donge langu. Fundi aliitazama karatasi, akatazama kalenda ya ukutani, wala hakushangaa. Alivuta daftari la shule kutoka chini ya printa, lile la mistari lenye jalada lililokunjamana, akaandika 12, akaandika 21, akapiga mstari chini na kuandika 9.

"Tisa," akasema. "Siku tisa masini haikuwa hai. Pole, yaya. Kijana wangu amesahau kukuwekea tarehe kwa mkono."

Nikaomba kuliona daftari. Kurasa kadhaa zilijaa namba mbilimbili: ya kompyuta kushoto, ya ukutani kulia, tofauti chini yake. Ndilo lililonifanya niandike makala haya, maana nilipoelewa linahesabu nini sikuweza kuliacha likalala pale chini ya printa.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, kuukuu, iliyokwishafanya kazi Ulaya kabla ya kufika hapa kando ya ziwa Tanganyika. Ndani yake mna Linux Mint. Kila asubuhi, kabla ya jambo lolote, skrini nyeusi inalalamika kwamba saa haijawekwa na inaomba ibonyezwe F1. Chanzo chake kinafahamika kwa kila anayefungua kompyuta: betri ndogo ya duara iliyo kwenye kadi kubwa ya ndani imekufa. Betri hiyo ndiyo inayoiendesha saa wakati mashine haina umeme. Ikifa, saa ya chuma hurudi mwanzo, mwaka wowote ambao kiwanda kilipenda.

Hapo ndipo Linux za siku hizi zinapofanya jambo lililonikamata. Hazikubali kurudishwa nyuma miaka kumi na tano. Fundi alifungua terminali, ile anayoiita ekrani nyeusi, akaandika:

ls -l /var/lib/systemd/timesync/clock

Likatokea faili moja. Ukubwa wake sifuri. Halina herufi hata moja ndani. Kitu pekee lilicho nacho ni saa ya mwisho lilipoguswa. Kompyuta ikiwa imewaka na haijapata intaneti, kila baada ya sekunde 60 huligusa faili hilo, kama mtu anayepita ukutani kwake na kuugusa kwa kiganja kuhakikisha bado upo. Umeme ukikatika, mguso wa mwisho unabaki. Umeme ukirudi, kompyuta inaiangalia saa ya chuma, inaona uongo, inaliendea faili tupu na kuanzia pale ilipoligusa mara ya mwisho. Giza lililopita katikati halimo. Kwa mashine hiyo, usiku wa bila umeme haukuwapo.

"Siye tunazeeka kila siku," fundi akasema. "Yeye anazeeka kama kuko umeme tu."

Akiiunga na intaneti kupitia simu, inajisahihisha katika sekunde chache. Lakini mega zinanunuliwa, na kazi ya kuchapa haihitaji intaneti, kwa hiyo huiunga mara moja kwa wiki mbili hivi. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 7 Agosti. Tangu siku hiyo ukuta ulihesabu siku 14. Kompyuta ilihesabu 5. Tisa zilizobaki ndizo alizoandika.

Nilimbishia. Si giza lote hilo, nilimwambia; humo mna saa zako za kulala. Akakubali nusu. Yeye hulala chumba cha nyuma, na umeme ukirudi saa nane ya usiku huamka akachapa kazi za wanafunzi mpaka alfajiri, kwa kuwa hajui mchana utakuwaje. "Kama uko, niko macho," akasema. Basi namba zake hazitoshi kupelekwa mahakamani, lakini ni hesabu ya uaminifu kuliko nyingi nilizosomewa na watu waliovaa tai.

Wasomaji mnaijua Uvira: mafuriko ya Aprili 2020, ziwa lililopanda likaingia majumbani, na vita vilivyoufikia mji Desemba 2025, miezi minne baada ya safari yangu. Umeme wake ni wa mto Ruzizi, kutoka mabwawa yaliyo juu karibu na Bukavu, la kwanza la miaka ya 1950, la pili la 1989 ambalo Kongo, Rwanda na Burundi zinagawana. Maji yaliyokwisha kuzungusha mitambo huko juu hushuka bondeni hadi Tanganyika na kuingia ziwani hapo hapo, jirani na mji. Yanafika kila siku, bila kukosa.

Kwa nini Linux, katika kibanda cha fotokopi? Kwa ajili ya flashi za wanafunzi. Flashi inayozunguka vibandani hubeba kirusi kinachoficha mafolda na kuweka njia za mkato za uongo mahali pake. Kwenye Windows mwanafunzi anaona kazi yake ya kumaliza masomo imetoweka, analia. Linux haiheshimu ile alama ya kuficha, kwa hiyo flashi hiyohiyo ikichomekwa kila kitu kinaonekana, na kirusi kilichoandikwa kwa ajili ya Windows hakina la kufanya. "Nilimfungulia binti mmoja kazi yake ya miezi sita," fundi alisema. "Toka siku ile sijarudi." Miezi miwili baada ya mazungumzo yetu, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha rasmi kuihudumia Windows 10, na Windows 11 inazikataa kompyuta nyingi za umri kama wa hii. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, bado inazipokea. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na jina hilo halihitaji mkalimani upande huu wa ziwa: ni utu. Ng'ambo ya mpaka, kwa Warundi, "ku buntu" ni bure.

Matatizo mengine aliniorodheshea huku akikunja karatasi. La kwanza ni nenosiri. Kibodi za mitumba kutoka Ubelgiji na Ufaransa zina A mahali ambapo kibodi za Dubai zina Q, na M yao iko kulia kwa L. Ukiiweka Linux ukasahau kuiambia ni kibodi ipi, neno "mama" linakuwa ;q;q na wewe unaona vidoti tu. Mtu anaapa kwamba kompyuta imeibiwa akili. Fundi humwambia aandike kwanza mahali pa jina, panapoonekana, neno "Uvira". Ikitokea "uvirq", kompyuta ni nzima. Kilichokosewa ni lugha ya kibodi.

La pili ni mashine kukataa kuwaka baada ya umeme kukatika ghafla. Skrini inasimama kwenye neno initramfs na watu huona kifo. Mara nyingi si kifo. Mfumo wa ext4 huandika kwanza katika shajara yake kile unachotaka kubadili kwenye diski, ndipo ubadili, ili ukikatwa katikati ujue ulipoishia. Pale ambapo shajara haikutosha, unaandika fsck -y na jina la sehemu ya diski iliyotajwa palepale juu, kama /dev/sda2, unasubiri, unaandika exit. Alinionya kwamba diski inayoomba hivyo kila wiki inakufa kweli, na kazi ya kwanza ni kunakili faili za watu kabla ya kujaribu ushujaa wowote.

La tatu linarudi kwenye saa. Wakati wa kuiweka Linux unaulizwa uko wapi. Uvira haimo katika orodha. Kwa Kongo mna Kinshasa na Lubumbashi tu, na wengi huchagua Kinshasa kwa kuwa ndiyo mji mkuu. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Uvira inakwenda na Lubumbashi, na Bujumbura vilevile. Kisha kuna wanaoweka Windows na Linux katika kompyuta moja: Windows huisoma saa ya chuma kama saa ya hapa, Linux kama saa ya ulimwengu, na kila ukihama kutoka moja kwenda nyingine unakosa au kuzidisha saa mbili. Dawa ni mstari mmoja, timedatectl set-local-rtc 1. Yeye ameuandika kwa kalamu ya wino mzito ukutani, juu ya kalenda.

Nilimuuliza lile lililokuwa likinisumbua. Dawa ya saa yake anaijua: sudo date -s na tarehe ya kweli, halafu sudo hwclock -w, kila asubuhi, dakika moja. Kwa nini asifanye hivyo?

Alinyamaza kidogo. "Nikiisahihisha kila siku," akasema, "nitajua je?"

Sikuwa na jibu hapo, na nimelifikiria sana tangu nirudi. Namheshimu kwa daftari lile. Lakini mimi niliambiwa "urudie" na nikarudia. Nilikuwa na pesa ya ukurasa mwingine. Mama anayeomba cheti cha mtoto kabla shule hazijafunguliwa, kijana anayeomba kazi kwa barua yenye tarehe ya kabla ya tangazo, nao watarudishwa, na wengine hawatarudi. Nilimwambia hivyo. Hakukasirika. Alichukua bisibisi.

Alifungua ubavu wa kompyuta, akapuliza vumbi, akaibana betri kwa ukucha ikaruka. Akaweka ncha za mita yake juu na chini. Betri nzima ni volti 3. Hii ilisoma 0.9. Namba 2032 iliyochorwa juu yake si ya kiwanda, ni kipimo: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. Kompyuta ikiwa imechomekwa na umeme upo, hata kama imezimwa, saa hula umeme wa ukutani na betri inapumzika. Umeme ukikatika, betri ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo betri ileile inayodumu miaka mingi mahali penye umeme wa uhakika hufa mapema hapa. Na zinazouzwa sokoni mara nyingi zimekaa juani mpaka zimechoka. Yeye huenda dukani na mita mfukoni.

Alitia aliyokuwa ameihifadhi kwa kompyuta ya mteja, akaiwasha, hakuulizwa F1. Akaweka tarehe. Katika daftari, chini ya ile 9, akaandika "betri mpya" na kupiga mstari wa kulifunga. Kompyuta ya pili iliyo kwenye kona, ile ya kujifunzia vijana, aliiacha kama ilivyo. Hiyo haichapi barua ya mtu. Ukurasa uliofuata aliuanza nayo.

Betri iliyokufa aliidondosha katika kopo la maziwa ya unga lililo juu ya rafu, mbali na mikono ya watoto, kwa kuwa mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo hadi kumuua. Kopo lilikuwa limejaa nusu. Ziwa liko hatua chache tu kutoka pale. Nani atalipokea kopo likijaa, na kulipeleka wapi? Alifungua mikono yake miwili, akanionyesha viganja.

Ukienda Uvira, au ukimpelekea ndugu yako kompyuta kuukuu huko au popote umeme unapokatika, weka ndani ya mfuko wake betri mbili za 2032, mpya, ambazo hazijafunguliwa. Na kabla hujatia saini karatasi yoyote iliyotoka kwenye printa, isome tarehe.