Chai ya kupunguza mwili: Kinachopungua ni nini?

Mama uliyeko Chanika, Handeni, au kule Korogwe, huenda umeshashawishiwa kununua pakiti ya chai ya kupunguza mwili. Unaambiwa ni majani matupu, hayana madhara, na ndani ya wiki moja utavaa gauni lako la zamani. Kabla hujafungua kibindo, tusome pamoja.

Nyingi ya chai hizi zina sanamaki. Mmea huu tunaujua tangu kwa bibi zetu, na umetajwa katika Tiba ya Mtume (s.a.w.). Ni dawa nzuri ya kufungua choo. Lakini kufungua choo si kuyeyusha mafuta. Chakula hunyonywa na mwili katika utumbo mwembamba, wakati sanamaki hufanya kazi katika utumbo mpana, ambako chakula kimeshanyonywa. Basi kinachotoka ni choo, maji na chumvichumvi. Mizani itasoma kilo pungufu, na ukinywa maji zinarudi. Ukiendelea kwa wiki nyingi unapoteza potasiamu, madini ambayo moyo hauwezi kupiga sawasawa bila hayo.

Hatari nyingine ni kinachofichwa. Sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula, iliondolewa katika soko la Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshituko wa moyo na kiharusi. Hata baada ya hapo imekutwa mara nyingi ndani ya vidonge na chai zinazoitwa za mitishamba. Mwenye shinikizo la damu akiacha vidonge vya hospitali na kushika chai ya namna hii, anacheza na uhai wake.

Wapo pia dada zetu wanaotaka kunenepa. Zamani mwali alipotolewa ndani alitarajiwa awe amenawiri, na hadi leo mke mwembamba husemwa kwamba hatunzwi. Wengine humeza deksamethasoni ili wajae. Uso huvimba kweli, lakini sukari na shinikizo hupanda, mifupa hudhoofika, na kuiacha ghafla ni hatari.

Je, unene si tatizo? Ni tatizo. Takwimu za taifa zilionesha kuwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, wakafika asilimia 28 mwaka 2015/16. Chukua futi ya fundi cherehani, ujipime kiuno. Kwa mwanamke, kikizidi sentimita 80 hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza kupanda; kikizidi 88 imekuwa kubwa.

Ufanye nini?

Punguza sukari ya chai na mafuta ya kukaangia. Bonge la ugali lipungue, mchicha na maharage viongezeke. Safari ya sokoni iwe kwa miguu, si kwa bodaboda. Funga ya Jumatatu na Alhamisi ni ibada, lakini ukifuturu kwa sahani mbili usitarajie mwili upungue. Mwenye kisukari amuone daktari kabla ya kufunga. Anayepunguza nusu kilo kwa wiki anakwenda vizuri.

Ukitaka dawa ya asili, muulize muuzaji: ina nini ndani, na imesajiliwa wapi? Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa sheria ya mwaka 2002, na waganga wa kweli hujisajili huko. Mjamzito na anayenyonyesha wasiguse dawa yoyote ya kupunguza mwili.

Na nyinyi akina baba, maneno ya dhihaka juu ya mwili wa mkeo ndiyo yanayompeleka kwa muuzaji wa vidonge. Mwili ni amana kwa Mwenyezi Mungu. Tuutunze ili utufikishe katika ibada na malezi, si ili ufanane na wa jirani.

Wabillahi tawfiq.